Tairi Huteleza Asubuhi, Mwili Jioni

Anayetoka Dodoma kwenda Arusha kwa pikipiki hupita Babati. Mji huu ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na hapa ndipo barabara ya Singida inapokutana na Barabara Kuu ya Kaskazini, ile ambayo wakoloni waliota iunganishe Cape Town na Cairo. Kipande cha Dodoma hadi Babati, takriban kilomita 250, kilizinduliwa kikiwa na lami mwaka 2018. Kutoka Babati hadi Arusha zinabaki kilomita 170 hivi. Mwenye pikipiki nzima anaweza kuimaliza safari yote kwa siku moja, mradi masika yasimkute njiani.

Ukiwauliza waendeshaji kwa nini mvua ni hatari, wengi watakujibu neno moja: utelezi. Wamesema kweli, ila wameishia nusu. Mvua humpunguzia mwendeshaji mshiko wa tairi na joto la mwili. Mshiko hupungua mara tu barabara inapolowa, na kila mtu huliona hilo. Joto hupotea taratibu, saa baada ya saa, na anayelipoteza huwa wa mwisho kujua.

Tuanze na tairi. Pikipiki na mwendeshaji wake wakiwa na kilo 200, na matairi yakiwa na upepo wa pauni 30 kwa kila inchi ya mraba, eneo la mpira linalogusa barabara halifiki sentimita 100 za mraba kwa matairi yote mawili. Kila breki, kila kona na kila kukwepa shimo hutegemea eneo hilo. Lami kavu huweza kutoa msuguano unaofikia asilimia 80 hivi ya uzito uliobebwa. Ikilowa, asilimia 50 ni makadirio ya haki.

Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya zaidi. Wakati wa jua, lami hukusanya vumbi, matone ya oili ya malori na unga wa mpira uliosagika. Manyunyu ya kwanza huvichanganya vyote kuwa utando mwembamba unaoteleza. Mvua ikiendelea kunyesha kwa nguvu, utando huo husombwa. Ndiyo maana manyunyu baada ya wiki za ukame yanaweza kuwa na utelezi zaidi kuliko mvua kubwa iliyokwisha kunyesha saa nzima. Maeneo ya stendi, vituo vya mafuta na michoro ya rangi barabarani yanahitaji tahadhari siku nzima.

Wengi huogopa zaidi tairi kuelea juu ya maji. Katika miaka ya 1960 watafiti wa NASA waliokuwa wakichunguza magurudumu ya ndege waligundua kwamba kasi ya kuanza kuelea hutegemea kipeuo cha pili cha upepo uliomo ndani ya tairi. Kwa upepo wa pauni 30, hesabu yao inatoa kilomita 90 hivi kwa saa. Tairi la pikipiki ni jembamba na la mviringo, hivyo hupasua maji vizuri kuliko la gari na huchelewa zaidi kuelea. Kinga hiyo huisha tairi likiwa kipara au upepo ukiwa pungufu. Kupima upepo kabla ya kuondoka ni kazi ya dakika chache, na inaongeza usalama bila kubadilisha chochote kingine.

Kati ya Kondoa na Babati barabara hupita Kolo na Bereko, ikipanda na kushuka vilima vya Irangi. Hapa fizikia haina huruma. Kasi ya juu kabisa ambayo kona inaweza kuvumilia hufuata kipeuo cha pili cha msuguano. Kona ambayo kwenye lami kavu ukomo wake ni kilomita 60 kwa saa, ikilowa ukomo unashuka hadi 47. Mwenye busara hukaa mbali na ukomo huo, kwa sababu kipande kimoja cha tope lililoburutwa na trekta kinaushusha tena.

Sasa tuje kwenye mwili. Tone kubwa la mvua halina umbo la chozi kama wachoraji wanavyolichora. Hewa hulisukuma kutoka chini likawa kama skonzi, bapa chini na mviringo juu. Huanguka kwa mita nane hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 29 kwa saa. Mwendeshaji wa kilomita 80 kwa saa hulikuta likimjia karibu mlalo, kwa kasi ya kilomita 85. Nishati ya pigo huongezeka zaidi ya mara nane kuliko kwa aliyesimama. Koti linalomkinga mtu kituoni huingiza maji kwenye zipu, shingo na mishono mara pikipiki inapoondoka.

Nguo ikishalowa, upepo humaliza kazi. Kila gramu ya maji inayogeuka mvuke huhitaji joule 2,400 hivi. Nguo zikipoteza gramu 150 tu kwa saa, joto linalotumika linalingana na lote ambalo mwili wa mtu mzima aliyetulia huzalisha kwa muda huo. Sehemu ya joto hilo hutoka hewani, lakini nyingine hutoka kwenye ngozi. Hewa nayo hupoa takriban nyuzi sita na nusu kwa kila kilomita moja ya mwinuko, na vilima vya Irangi viko juu kuliko Dodoma. Mtu anaweza kutetemeka kwa baridi katika nchi hiihii iliyo karibu na ikweta.

Mwili uliopoa huiacha mikono na miguu ili ulinde moyo na ubongo. Neva zilizopoa hupeleka ujumbe polepole, na vidole hukakamaa kwenye breki. Hebu tuweke jambo hili kwenye hesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa, pikipiki hula mita 22 kila sekunde. Aliye timamu akitumia sekunde moja kuona ng'ombe na kushika breki, kwenye lami kavu atasimama baada ya mita 53. Lami ikilowa, zinakuwa 72. Baridi na uchovu vikimwongezea nusu sekunde, zinafika 83, yaani mita 11 zaidi. Hayo yote ni kwa anayejua kutumia breki zote mbili. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia mbele, kwa hiyo anayekanyaga ya nyuma pekee atahitaji mita nyingi zaidi.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha njia ya kutoka. Ili mita 53 zirudi kwenye lami iliyolowa, mwendo ushuke hadi kilomita 66 kwa saa. Kwa mwendeshaji aliyepoa, ushuke hadi 60.

Kuna mahali ambapo hata 60 haisaidii. Tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, kusini-magharibi mwa Babati, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Maji yakienda kasi maradufu, msukumo wake huwa mara nne, na rangi ya tope huficha kina chake. Maji ya kahawia yanayokatiza barabara hayavukwi kwa pikipiki. Radi nayo haizuiwi na mpira wa matairi. Sekunde tatu kati ya mmweko na ngurumo ni kilomita moja tu, na hapo inafaa kutafuta jengo, si mti.

Kwa hiyo anayefika Babati saa tisa alasiri akiwa amelowa asijiulize tu kama pikipiki inaweza kufika Arusha. Inaweza. Ajiulize kama vidole vyake vinafunga kifungo cha shati bila taabu. Vikishindwa, abadilishe nguo zilizolowa, ale chakula cha moto, anywe chai, na ikibidi alale. Wenzake wanaweza kumwita mwoga, lakini mapumziko hayo yanamrudishia zile mita 11 ambazo hakuna tairi jipya litakalompa.