Ndege Iliyopita Juu ya Kuda Huvadhoo

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 8 Machi, 2014, yapata saa 12.15, baadhi ya wakazi wa Kuda Huvadhoo, kisiwa kidogo cha Maldivi, walisikia mngurumo mkubwa juu ya mapaa yao. Waliotazama juu waliona ndege ya abiria, nyeupe, yenye mistari myekundu, ikipita chini kuliko ndege yoyote waliyopata kuiona hapo kwao, nayo ikielekea upande wa kusini-mashariki. Wengine walisema kwamba waliweza hata kuipambanua milango yake.

Watu hao hawakuwa washamba wa ndege. Maldivi ni nchi ya visiwa vilivyotawanyika, na ndege ndogo zinazotua majini hupita huko mchana kutwa zikichukua watalii. Mashahidi walisisitiza kwamba waliyoiona haikuwa mojawapo ya hizo.

Usiku uleule ndege ya Shirika la Ndege la Malesia, aina ya Boeing 777, iliyokuwa safarini kutoka Kuala Lumpur kwenda Beijing ikiwa na watu 239, ilikuwa imepotea. Nayo ilikuwa nyeupe, yenye mistari myekundu na ya buluu. Gazeti la Haveeru la Maldivi lilipochapisha maelezo ya wanakisiwa tarehe 18 Machi, habari ikaenea ulimwenguni siku ileile. Jeshi la Maldivi lilisema kwamba rada zake hazikuona kitu, na Serikali ya Malesia ikaikana habari hiyo. Lakini jamaa za waliopotea hawakuwa na sababu ya kuridhishwa upesi na kanusho. Ikiwa wanakisiwa walisema kweli, basi meli zilizokuwa zikitafuta mabaki kusini mwa Bahari ya Hindi zilikuwa mahali pasipo, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka pale ndege ilipoonekana.

Je, msomaji angeanzia wapi kuupima ushahidi huu? Wako wanaoanza kwa kuuliza kama mashahidi ni wakweli. Kwa maoni yangu hapo ndipo uchunguzi unapoharibika, kwani mtu mkweli kabisa aweza kukosea, na aliyekosea katika jambo moja aweza kuwa sahihi katika jingine. Lifaalo ni kuyatenganisha aliyoyasema, kisha kuuliza kila moja lilipimwa kwa kiungo gani cha mwili, na kiungo hicho kina uwezo gani.

Tuanze na ukubwa na umbali, maana ndiyo yaliyoleta utata wote. Jicho halipimi ukubwa wa kitu wala umbali wake. Hupima pembe tu, yaani uwazi ulioko kati ya mstari utokao jichoni hadi ncha moja ya kitu na ule uendao hadi ncha ya pili. Nyoosha mkono wako mbele na utazame kidole gumba: upana wake hufunika nyuzi 2 hivi. Kidole cha mwisho hufunika karibu uzi 1. Mwezi mpevu, ingawa watu wengi hawaamini mpaka wajaribu, hufunika nusu ya uzi tu, na kidole hicho kidogo chatosha kuuficha wote.

Sasa tuchukue ndege mbili. Boeing 777 ya aina iliyopotea ina upana wa karibu mita 61 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine. Ndege ya Dash 8 ya viti 50 hivi, ambayo tutairudia baadaye, ina mita 27. Ili kupata pembe kwa nyuzi, gawanya upana kwa umbali, kisha zidisha kwa 57. Dash 8 iliyoko mita 1,500 juu ya kichwa chako itafunika uzi 1. Boeing 777 nayo itafunika uzi 1 ikiwa umbali wake ni karibu mita 3,400. Machoni zote mbili ni sawasawa. Ukishaamini kwamba uliyoiona ni kubwa, utasema ilikuwa mbali. Ukiamini kwamba ilikuwa chini, utasema ilikuwa ndogo. Nchi kavu tunasaidiwa na miti, nyumba na watu ambao ukubwa wao tunaujua. Angani, juu ya bahari, hakuna cha kulinganishia, na ubongo hujaza pengo hilo kwa kilichozoeleka. Kwa mtu aliyezoea ndege za maji za abiria kumi na watano, ndege yoyote iliyo kubwa kuliko hizo ni dege.

Rangi nayo ina hesabu yake. Mtu akifanya hesabu ya jua kwa longitudo ya kisiwa hicho na tarehe ile, atakuta kwamba jua lilikuwa likichomoza karibu saa 12.15 hiyohiyo. Mwanga wa jua lililo kwenye upeo wa macho hupita katika hewa nyingi kabla ya kutufikia, na njiani rangi ya buluu hutawanywa, ikabaki nyekundu na ya machungwa. Chombo cheupe kikiangazwa ubavuni kwa mwanga wa namna hiyo hakionekani cheupe kitupu. Sisemi kwamba mistari myekundu ilizuliwa na jua. Nasema kwamba saa ile ndiyo mbaya kuliko zote za kutambulia rangi, na kwamba nyeupe na nyekundu ni rangi za mashirika mengi ya ndege.

Halafu ziko siku kumi. Kati ya asubuhi ile na siku habari ilipochapishwa, picha za ndege ya Malesia zilionyeshwa kila mahali palipokuwa na televisheni. Katika mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu ya magari yakigongana. Baadhi waliulizwa mwendo wa magari hayo “yalipogongana”, na wengine “yalipopondana”. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwako. Hata hivyo, wanafunzi 16 kati ya 50 walioulizwa kwa neno kali walijibu kuwa waliviona, na 7 kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kawaida. Neno moja lilitosha. Kumbukumbu si picha iliyofungiwa sandukuni, bali hujengwa upya kila tunapoikumbuka, na vifaa vya ujenzi huokotwa popote.

Mpaka hapa tumeudhoofisha ushahidi, lakini hatujaukanusha. Ili kuukanusha au kuuthibitisha twahitaji kipimo kisichotegemea macho ya mtu, na kwa bahati kipo.

Ndege ile iliondoka Kuala Lumpur saa 6.42 usiku kwa saa za Malesia. Sauti ya mwisho kutoka kwa rubani ilisikika saa 7.19. Rada ya jeshi iliiona mara ya mwisho saa 8.22 usiku, kaskazini mwa Mlangobahari wa Malaka. Kutoka pale hadi Kuda Huvadhoo ni kama kilomita 2,600, mwendo wa saa tatu kwa ndege ya aina hiyo. Kwa hiyo, kama ingekwenda moja kwa moja, ingefika Maldivi saa 8.22 hivi usiku kwa saa za huko, ambazo ziko nyuma ya saa za Malesia kwa saa tatu. Wanakisiwa waliona ndege asubuhi. Hizo saa nne za katikati ilikuwa wapi?

Jibu limo katika setilaiti moja ya mawasiliano iliyokuwa juu ya Bahari ya Hindi, karibu na Ikweta, kwenye longitudo 64.5 Mashariki, kimo cha kama kilomita 36,000. Ingawa mazungumzo yalikwisha, chombo kimoja ndani ya ndege kiliendelea kuitikia wito wa kituo cha ardhini kupitia setilaiti hiyo karibu kila saa, kama mtu anayeitikia hodi bila kufungua mlango. Wito huo haukubeba habari ya mahali ndege ilipo. Lakini mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na kituo kiliandika muda uliopita kati ya wito na jibu. Ukiujua muda waujua umbali kati ya ndege na setilaiti, na ukiujua umbali huo waweza kuchora duara juu ya uso wa dunia: ndege ilikuwa mahali fulani katika duara hilo.

Majibu ya mwisho yalipokelewa saa 2.11 na saa 2.19 asubuhi kwa saa za Malesia. Katika wakati huo ndege ilikuwa mbali na setilaiti kwa karibu kilomita 37,800. Mtu aliyeko Kuda Huvadhoo yuko karibu kabisa chini ya setilaiti, kwa umbali wa kilomita 35,900 hivi. Tofauti ni kilomita 1,900, ambazo kwa kwenda na kurudi ni zaidi kidogo ya sehemu 12 za elfu za sekunde. Kwetu huo si muda, lakini kwa chombo kilichopima ni tofauti kubwa mno, na kosa la kipimo chenyewe lilikuwa dogo kuliko hilo mara nyingi.

Sasa tuilinganishe saa ya wanakisiwa. Saa 2.19 ya Malesia ni saa 11.19 alfajiri huko Maldivi. Duara la jibu la mwisho, hata katika sehemu yake iliyo karibu zaidi, liko umbali wa kama kilomita 3,900 kutoka Kuda Huvadhoo. Ili ionekane huko saa 12.15, ndege ingepaswa kukata masafa hayo kwa dakika 56, yaani kwa mwendo wa zaidi ya mara tatu ya mwendo wa sauti. Tena wachunguzi walilieleza jibu lile la saa 2.19 kuwa dalili ya umeme uliokatika na kurudi, jambo linalotazamiwa mafuta yanapokwisha. Kituo kiliita tena saa 3.15 asubuhi ya Malesia. Saa hiyo, ukiigeuza kuwa ya Maldivi, ni saa 12.15 barabara, dakika ileile watu waliyotoka nje kutazama mngurumo. Ndege ya Malesia haikuitika.

Basi wanakisiwa waliona nini? Mwaka 2015 waandishi wa habari waliolifuatilia jambo hili walielekeza kidole kwenye ndege ya ndani ya Maldivi, Dash 8 yenye pangaboi mbili, iliyotoka Male asubuhi ile kwenda Thimarafushi na kutua muda mfupi baada ya saa 12.30. Kiwanja cha Thimarafushi kilifunguliwa mwaka 2013, na kwa hiyo ndege za namna hiyo zilikuwa bado ngeni katika sehemu hizo. Kisiwa hicho kiko kusini-mashariki ya Kuda Huvadhoo, kilomita 58 hivi. Ni upande uleule waliouonyesha mashahidi.

Nayaona maelezo hayo kuwa ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini msomaji asiyameze bila kutafuna. Kuda Huvadhoo haiko katika mstari ulionyooka kutoka Male hadi Thimarafushi. Iko kama kilomita 40 magharibi yake. Rubani huweza kuacha mstari ili akwepe wingu au apate upepo mzuri wa kutulia, lakini hilo huhitaji kuthibitishwa. Pia ndege iliyobakiza kilomita 58 kwa kawaida haijashuka chini sana. Kuna tofauti kati ya maelezo yenye matundu na maelezo yanayovunja kanuni za mwendo, lakini matundu ni matundu.

Yangeweza kuzibwa mapema. Chukua shahidi hadi pale aliposimama, umwombe aonyeshe kwa mkono ndege ilipopita kulingana na mnazi au paa la jirani, kisha pima mwelekeo kwa dira na mwinuko kwa pembemraba ya shule iliyofungwa uzi na jiwe. Tuseme shahidi wa kwanza aliiona utosini kabisa, na wa pili, aliye mita 400 kando, aliiona kwa mwinuko wa nyuzi 45. Hapo kimo chake ni mita 400. Lakini kama wa pili aliiona kwa nyuzi 79, kimo ni mita 2,000, hata kama wote wawili wanaapa kwamba ilikuwa juu ya minazi. Walimu waweza kulifanya zoezi hili uwanjani siku ndege ipitapo, kwa sharti kwamba kila mwanafunzi aandike kimya kabla ya kuzungumza na mwenzake.

Kisiwa kingine kilitoa shahidi wa aina tofauti. Mwezi Juni, 2016, huko Pemba, pwani ya Tanzania, kiliokotwa kipande kikubwa cha bawa. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 29 Julai, 2015, kipande kingine kilikuwa kimepatikana katika kisiwa cha Réunion. Kile cha Pemba kilipelekwa Australia. Ndani yake zilikutwa namba za sehemu na mihuri ya tarehe ya Januari, 2002, na namba moja ambayo kiwanda cha Italia kilichokitengeneza kiliioanisha na ndege iliyopotea, iliyokabidhiwa Malesia mwezi Mei mwaka uleule. Mwezi Septemba, 2016, ikathibitishwa kuwa ni kibawa kinachoteremshwa nyuma ya bawa la kulia ndege inapotaka kupunguza mwendo na kutua. Alama za msuguano zilizokuwa ndani yake zilichunguzwa pia. Wachunguzi walihitimu kwamba, kwa uwezekano mkubwa, kilipong'oka kilikuwa hakijateremshwa.