Mpita njia naye aelezwe kwa lugha yake

Siku moja nilikwenda mahakama moja ya hapa Pwani kumdhamini jirani yangu. Kabla ya kesi yake, waliletwa kizimbani vijana saba wa Ethiopia, wamekonda, wengine hawana viatu. Walikuwa njiani kwenda Afrika Kusini. Wakasomewa kwa Kiswahili shtaka la kuwa nchini bila kibali. Mmoja akasema "ndiyo", wenzake wakamfuata: ndiyo, ndiyo. Mama mmoja kando yangu akaninong'oneza, "Mwanangu, hawa waelewa wanayoambiwa?"

Swali la mama yule ndilo lililonifanya niandike leo.

Njia yenyewe twaijua. Wengi huingilia Moyale, na baadhi hushuka hadi huku kwetu wavukie Lunga Lunga kuingia Tanzania. Hawaji kukaa, wanapita. Hata hivyo, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 yasema kuwa nchini bila kibali ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Asiye na pesa hufungwa, kisha hurudishwa kwao.

Sipingi serikali kulinda mipaka. Aliyeingia bila hodi anaweza kurudishwa. Lakini arudishwe kwa haki.

Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yataka kila aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 champa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama mkalimani bila malipo. Haki hizo hazikuandikiwa Wakenya peke yao.

Naushikilia ukalimani kwa sababu ndio mlango wa haki nyingine zote. Sheria ya Kupambana na Biashara ya Kusafirisha Binadamu ya 2010 yasema mwathiriwa wa biashara hiyo asihukumiwe kwa kuwa nchini kinyume cha sheria. Si kila aliyemlipa wakala ni mwathiriwa, lakini utamjuaje usipomwuliza akaelewa? Na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 yakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yatakuwa hatarini kwa sababu ya dini, kabila au msimamo wake wa siasa. Anayeogopa kurudi ataisema vipi hofu yake, ikiwa neno alilo nalo ni "ndiyo" tu?

Tena si kila Mwethiopia husema Kiamhari. Wengi ni Waoromo, na lugha yao ni ndugu ya lugha ya Waborana na ya Waorma wetu wa Tana River. Wakalimani basi hatuwakosi. Wazee wa mitaa, maimamu na wanasheria wanaojitolea waweza kuandaa orodha ya watu wa kuitwa, wakaipeleka mahakamani na vituoni.

Sisi Waislamu twajua kuwa msafiri aliyekwama ni mmoja wa makundi manane yanayostahiki zaka. Na wengi wetu tuna watoto Ghuba. Twajua uchungu wa mtoto kutakiwa kutia sahihi karatasi asiyoweza kuisoma.

Ukisikia wapita njia wamekamatwa mtaani kwako, usiulize tu watarudishwa lini. Uliza kwanza kama wamepata mkalimani.