Bangili ya Mke, Mali ya Wajomba

Penye ndoa Kasongo, wanaume huzungumza mali: mbuzi, fedha, vikwembe. Vyote huhesabiwa mbele ya baba na wajomba, na bibi harusi hana neno. Ila Kasongo ni kitovu cha Uislamu wa Kongo, na Uislamu umeongeza fungu jingine, mahari, ambayo ni haki ya mke. Apewe pesa au bangili, ni yake. Mume akiitaka, aombe.

Desturi ya mahari ililetwa na waungwana wa pwani. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Unguja, alipoweka makao Kasongo miaka ya 1870, misafara yake ilitegemea mikopo ya Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja aliyezaliwa Kutch. Mikopo iligeuka nguo na shanga, zikabebwa kichwani hadi Manyema, nchi ya Kasongo. Huko wateja walikuwa na macho makali. Msafiri Livingstone alikaa Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871, akaona soko lililoshikwa na wanawake wenye samaki, vyungu na mafuta ya mawese. Aliyeleta shanga za rangi isiyopendwa alilala na mzigo wake.

Ama vipuli na vikuku vya fedha, hivyo vilitoka kwa masonara wa pwani, wengi wao Wahindi. Sonara aliyeyusha reale, sarafu za fedha, akavuta waya kwa kuupitisha kwenye bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo, akausokota, kisha akaunga kwa tinkali na moto wa kupuliza kwa mrija. Pambo likiisha hupimwa, maana siku ya dhiki litapimwa tena: mke atalipeleka rehani apate mtaji wa vitumbua, au nauli ya kwenda kumzika mama yake. Kwa Wahindu pia, dhahabu anayopewa bibi harusi ni yake kwa desturi. Wapo wanaosema pambo ni urembo wa bure. Hao hawajawahi kuachwa. Hata hivyo ufundi wenyewe ulirithiwa na wana wa kiume; mwanamke alivaa na kuweka rehani, hakufua.

Na dhahabu iko huko huko Manyema, Kabambare, kwenye machimbo ya Namoya, Salamabila. Sehemu kubwa ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa mashariki ya Kongo huvuka mipaka kwa magendo hadi Dubai, ambako masonara wengi ni Wahindi vilevile. Machimboni, wanawake hutwanga mawe mpaka yawe unga, vumbi likiwaingia kifuani, na ujira wao ni mdogo kuliko wa karibu wote wanaoigusa dhahabu hiyo. Bangili wataitoa wapi? Wanaobakiwa na kitu hucheza likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu; zamu ikifika, hununua kikwembe kizuri, wakakiweka sandukuni bila kukishona. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ada ya sekondari, ndicho kinachouzwa.