Sura ya 7: Kulifunga Bwawa Pasipo na Barafu

Bwawa la fremu na turubai, lile linalosimamishwa uani juu ya ardhi, huja na maelekezo ya watu wa nchi za baridi kali. Kwao maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua mabomba na pampu. Mikindani hakigandi kitu. Hapa bwawa hufungwa kwa sababu mwenyewe amesafiri, mvua zimeanza au watoto wamelichoka, na adui zake ni mbu, jua na kusi.

Kosa ninalokutana nalo zaidi, Mikindani na hata Mtwara mjini, ni imani kwamba bwawa likishamwagwa maji basi limefungwa. Bwawa la kipenyo cha mita 4, lenye maji ya kina cha mita 1, limebeba tani 12 na nusu. Uzito huo ndio unaoishikilia fremu. Ukiyamwaga yote, kusi inaisukuma fremu itakavyo, na jua linaikausha plastiki mpaka inakakamaa na kupasuka kwenye mishono. Kisha mvua inaacha kidimbwi katikati, na kidimbwi hicho ni kibaya kuliko bwawa lililojaa. Ukiamua kumwaga, maliza kazi: osha, kausha, paka poda, kunja, weka stoo panya wasikofika.

Kosa la pili ni dawa za kubahatisha. Maji yakigeuka kijani, wapo wanaosema bwawa limeingiwa na jini wa maji. Hakuna jini. Ni mwani mdogomdogo unaostawi kwa jua na uozo wa majani ya mwembe. Mwingine hutia shabu. Shabu hutuliza uchafu chini lakini haiui kitu. Mwingine hutia mrututu, ambao huua mwani kweli, ila shaba yake hutia madoa, na maji hayo yakimwagwa ufukweni huwadhuru kaa na chaza.

Dawa ni klorini, na hapa wengi hupoteza fedha. Klorini hufanya kazi kulingana na pH ya maji. Kwenye pH ya 7.5, karibu nusu yake iko katika hali inayoua vijidudu kwa nguvu; kwenye 8.5 inabaki kama sehemu moja ya kumi. Maji ya kisima chenye chokaa tayari yana pH ya juu, na klorini ya unga huipandisha zaidi. Kwa hiyo pima kwanza, shusha pH hadi kati ya 7.2 na 7.6, ndipo utie klorini, tena jioni, maana jua la mchana laweza kuimaliza nusu yake kwa muda wa saa moja hivi. Unga ndio unaotiwa kwenye maji. Usimwagie unga maji. Na usiichanganye kamwe na asidi: gesi inayotoka huua.

Nilikusudia kueleza sasa pampu na chujio, lakini siwezi kuwapita mbu. Mwaka 2007, mjini Bakersfield, California, watu walishindwa kulipa mikopo ya nyumba, wakahama, na mabwawa yao yakageuka kijani. Wagonjwa wa homa ya West Nile, inayoenezwa na mbu, waliongezeka kwa asilimia 276 mwaka huo. Na kule kuna majira ya baridi! Katika joto letu, yai linakuwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 10. Kuleksi, mbu anayependa maji machafu, ni mmoja wa mbu wanaoeneza matende na mabusha katika pwani yetu. Aedesi, mbu wa dengue iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hutaga mayai yanayovumilia ukavu kwa miezi, yakaangua mvua ikirudi. Bwawa lililokauka nusu linamfaa kabisa. Pale ambapo maji machafu hayawezi kuondolewa mara moja, tumia viuadudu vya kibayolojia vya kiwanda cha Kibaha, ambavyo huua viluwiluwi.

Pampu: ifungue, imwage maji, ikaushe, iweke ndani. Bwawa litakalobaki na maji lisuguliwe kuta, lifunikwe kwa turubai zito lisilopitisha mwanga, na kamba zikazwe. Maji ya mvua yanayotuama juu ya turubai yamwagwe kila wiki, kwani hapo ndipo mbu huzaliana mwenyewe akidhani yuko salama. Ngazi iondolewe kabla ya yote, kwa sababu mtoto aliyezama katika maji ya kijani haonekani.

Kama huna mtu wa kuliangalia kila wiki, usiliache na maji. Likunje.