Kamera ndani ya koo: tusome jaribio la Cleveland kama watu wa shamba

Wenzangu, mugonjwa akilazwa usingizi kwa upasuaji mkubwa, mara nyingi anapewa dawa ya kulegeza misuli, na misuli ya kupumua nayo inalala. Hapo munganga iko na dakika chache tu za kupitisha mpira katikati ya nyuzi za sauti. Akikosa, anarudia. Kila kurudia kunaweza kuvimbisha koo ama kutoa damu, na oksijeni inaendelea kushuka.

Chombo cha zamani ni laringoskopi ya kawaida: mpini, taa na ubapa wa chuma. Ubapa uliopinda kidogo, wenye unatumika sana mpaka leo, ulitolewa na Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943. Munganga anasukuma ulimi pembeni na kutazama kwa jicho lake mwenyewe, kwa hiyo inabidi jicho, kinywa na koo vikae karibu kwenye mustari mumoja. Shingo ikiwa ngumu, mustari unakataa. Laringoskopi ya video iko na kamera ndogo karibu na ncha, na picha inatokea kwenye ekra. Ni kama jicho limepita kona.

Mimi ni wa agronomia, si munganga, lakini jaribio lililotolewa mwaka 2024 kutoka Cleveland Clinic, Marekani, lilinivuta. Walichukua makundi mawili ya vyumba vya upasuaji, vyumba 11 kila kundi, na kila wiki kura njo iliamua chombo gani kianze. Chumba ni parseli, wiki ni musimu! Si ajabu: Ronald Fisher alijenga hesabu za kupiga kura namna hii kwenye mashamba ya Rothamsted, Uingereza, kwenye alianza kazi mwaka 1919.

Upasuaji 8429 ulihesabiwa. Kwa video, wenye walihitaji kujaribiwa zaidi ya mara moja ni asilimia 1,7. Kwa ya kawaida, 7,6. Kushindwa: 0,27 kwa 4,0. Hapa nasimama kidogo. «Kushindwa» kule ni pamoja na munganga kubadilisha chombo kwa sababu yoyote, na hauwezi kumuficha chombo chenye anashika. Video ikiwa pembeni, kuacha ya kawaida ni rahisi sana. Mimi naamini zaidi namba ya kwanza. Majeraha ya meno na koo, hayo hayakutofautiana sana.

Tena, kuona si kupitisha. Ubapa uliopimwa kule ni ule uliopinda sana: picha inakuwa safi, lakini mpira nao unapaswa kupindishwa na waya ndani yake, la sivyo unagonga pembeni. Damu ama matapishi yakifunika kamera, unabaki na ekra nyekundu. Na kwetu betri iliyokufa inaweza kukaa hivyo siku nyingi.

Hospitali yenye pesa ya kununua moja tu, ningeiambia inunue video yenye ubapa wa umbo la Macintosh, hata kama siyo ile ya jaribio hili. Mwanafunzi anatazama kinywani kwa jicho lake, mwalimu anatazama ekra na kumwambia «inua kidogo, rudi kushoto». Kwa chombo cha kawaida mwalimu anasimama nyuma, anakisia tu chenye mwanafunzi anaona. Na siku ekra inazima, ule mwanafunzi bado anaweza kufanya kazi.