Mwanga Mdogo Unaoifunza Shingo Upya

Baadhi ya wagonjwa wenye maumivu sugu ya shingo hulalamika pia kwamba kichwa chepesi na hatua si thabiti, ilhali picha ya eksirei haionyeshi kasoro. Malalamiko hayo yasipuuzwe. Misuli ya shingo, hasa iliyo chini ya fuvu, huupasha ubongo habari za mkao wa kichwa. Maumivu huweza kuzivuruga.

Kipimo chake ni rahisi. Taa ndogo ya leza hufungwa kichwani, mgonjwa akiwa ameketi sentimita 90 kutoka kwenye shabaha ukutani. Hufumba macho, hugeuza kichwa, kisha hukirejesha alipoanzia. Baada ya majaribio kadhaa, wastani wa kosa ukizidi takriban sentimita 7, hisia hiyo imepungua.

Kipimo hicho ndicho pia zoezi: mgonjwa hufumbua macho, huona kosa, hulisahihisha, hurudia. Leza isimulike macho ya mtu yeyote.

Hata hivyo, taa si mbadala wa uchunguzi. Mikono au miguu ikilegea, mwendo ukiyumba, au mkojo ukishindwa kuzuilika, mgonjwa afikishwe hospitali mara moja.