Barua pepe zinaingia lakini hazitoki: sababu ni zipi, na mtu afanye nini?

Katika ofisi ndogo za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kuna lalamiko linalorudi mara kwa mara: barua pepe za wateja zinaingia vizuri kwenye kompyuta, lakini majibu hayatoki. Yanabaki yamelala kwenye sanduku la zinazongoja kutumwa, lile ambalo programu zilizowekwa kwa Kifaransa zinaliita « Boîte d'envoi ». Mwenyewe anaamini kwamba ametuma. Kesho yake anapigiwa simu na kuambiwa hakuna kitu kilichofika.

Hasara yake si ndogo. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inawawekea Wakongomani wenye makampuni kazi ambazo makampuni makubwa, yakiwemo yale ya migodi, yanawagawia wengine. Kampuni ndogo inapoombwa kuleta bei zake kwa barua pepe kabla ya saa fulani, bei zilizokwama kwenye kompyuta ni sawa na bei ambazo hazikuandikwa.

Njia ni mbili, si moja

Watu wengi wanasema: “Kama ninapokea, basi mtandao uko sawa na akaunti yangu iko sawa.” Hapo ndipo wanapopotea. Kwa akaunti nyingi zinazowekwa katika programu kama Thunderbird au Outlook, barua zinaingia kwa njia moja na kutoka kwa njia nyingine. Za kuingia zinapita kwenye seva ya IMAP au POP. Za kutoka zinapita kwenye seva ya SMTP, ambayo kanuni yake iliandikwa mwaka 1982. Kila seva ina anwani yake, namba yake ya mlango na namna yake ya kuuliza neno la siri. Moja inaweza kufanya kazi wakati nyingine imefungwa.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ni kujua ugonjwa uko wapi. Fungua akaunti yako kwenye intaneti, bila kupitia programu ya kompyuta, kisha ujitumie barua fupi isiyo na kiambatisho. Ikitoka, akaunti yako ni nzima na tatizo liko kwenye programu au kwenye mtandao unaoutumia. Isipotoka hata hapo, usipoteze muda kubadilisha mipangilio ya kompyuta: wasiliana na wanaokupa huduma ya barua pepe.

Mlango uliofungwa

Zamani barua zote zilikuwa zinatoka kwa mlango namba 25. Watu wa barua taka waliutumia vibaya, na watoaji wengi wa intaneti wakaufunga. Tangu mwaka 1998, mlango namba 587 umetengwa kwa ajili ya watu wanaotuma barua zao. Mlango 465 nao unatumika, ukiwa na ulinzi wa SSL/TLS tangu mwanzo. Ukikuta programu yako bado imeandikwa 25, weka 587 pamoja na STARTTLS, au 465 pamoja na SSL/TLS, kufuatana na maelezo ya wenye huduma yako.

Hii ndiyo sababu mtu anatuma vizuri akiwa ofisini, lakini akifika nyumbani na kutumia mega za simu, barua zinakataa kutoka. Seva nyingine pia zinamkubali tu anayetoka ndani ya mtandao wao, isipokuwa ajitambulishe. Katika mipangilio ya seva ya kutuma, hakikisha kwamba jina la akaunti limeandikwa na kwamba programu inaruhusiwa kutoa neno la siri.

Neno la siri linalokataliwa

Programu ikionyesha namba 535, maana yake seva haikukubali jina au neno la siri. Kabla ya kulibadilisha, kumbuka kwamba kanuni zenyewe zimebadilika. Tangu tarehe 30 mwezi wa tano 2022, Google ilianza kukataa programu zinazoingia Gmail kwa neno la siri la kawaida peke yake. Microsoft ilifanya vilevile kwa akaunti za Outlook.com na Hotmail tarehe 16 mwezi wa tisa 2024. Dawa ni kuchagua OAuth2 katika mipangilio ya programu mpya. Kwa Gmail, kuna pia neno la siri la programu, lenye herufi 16, linalopatikana baada ya kuwasha uthibitisho wa hatua mbili.

Mzigo mzito

Gmail inakubali kutuma viambatisho visivyopita megabaiti 25. Lakini faili likiingia ndani ya barua, linaongezeka karibu theluthi moja. Faili la megabaiti 20 linaweza kukataliwa, mara nyingi kwa namba 552. Na mtandao ukikatika katikati, barua inaanza kutumwa upya tangu mwanzo: mega zinakwisha bure, na barua nyingine zinaweza kukwama nyuma yake. Itoe hiyo nzito kwenye sanduku, punguza picha zake au tuma kiungo.

Angalia pia saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Hapo seva zinaonekana kama zina vyeti vya uongo, na mara nyingi hata kupokea kunakataa.

Usimpe mtu ufunguo

Wakati wa haraka, wengi wanamwachia fundi wa sibakafe neno lao la siri, au wanabonyeza ujumbe unaosema: “Akaunti yako imefungwa, thibitisha hapa.” Andika neno la siri wewe mwenyewe, na ujumbe wa namna hiyo uufute.

Kwa barua yenye tarehe ya mwisho, kuna mazoea matatu yanayosaidia: itume siku moja kabla, angalia kama imeingia kwenye sanduku la zilizotumwa, « Envoyés », kisha mpigie simu anayepokea umuulize kama ameiona.